Msitu wa Makaburi na Mikono Inayoutunza

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi. Yamechapwa kama alivyoyasoma, pamoja na maneno machache aliyoyaongeza akiwa mbele ya wanachama.)



Katibu alinitaka nizungumzie maisha ya Ulaya. Nilimjibu kwamba habari za Ulaya mmezisikia hadi zimewachosha, na nusu yake ni uongo wetu sisi tuliokwenda. Nikamwomba nizungumzie makaburi. Akanitazama. "Siku ya sherehe, dada? Watu wamekuja kula pilau." Nikamwambia ndiyo, siku ya sherehe, kwa sababu kikundi hiki kilizaliwa msibani. Waanzilishi wenzangu wapo hapa. Kabla ya hisa, kabla ya sanduku la kufuli tatu, kabla hata ya daftari, tulianza na sahani na masufuria, maana kila mmoja wetu alipofiwa ilibidi tuzunguke kijiji kizima kuazima vyombo. Basi msishangae nikirudi kule tulikotoka.

Mimi niliondoka mwaka 2016, kikundi kikiwa bado kichanga, nikarudi mwaka 2023. Miaka yote hiyo hisa zangu ziliwekwa na dada yangu, yule aliyekaa pale nyuma anajifanya hasikii. Kazi niliyoifanya Uingereza ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, upande wa kaskazini wa nchi ile. Kazi yenyewe mnaijua nyote. Ni kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha na kumsikiliza. Tofauti ni kwamba kule unalipwa kwa saa.

Miongoni mwa wazee wale alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mjane, hakujaliwa mtoto. Huyu alikuwa ameacha maandishi kwamba akifa azikwe msituni. Sasa kwetu, ukisikia mtu kapelekwa porini, unajua hapo kuna laana au kuna vita. Kwa hiyo nilimuuliza, tena kwa sauti ya chini. Bibi akacheka, akasema, "Nenda ukaone kwanza." Nikaenda siku yangu ya mapumziko, nikawakuta watu wa kujitolea wameinama wanang'oa magugu, wakanipa glovu kabla hata ya kuniuliza jina. Nilifanya nao kazi majira ya joto manne.

Ngoja niwaeleze msitu wenyewe ulivyo, maana najua mnachokifikiria.

Waingereza walio wengi siku hizi hawaziki. Katika kila watu wanne wanaofariki, zaidi ya watatu huchomwa, na majivu wakakabidhiwa ndugu. Wanaozikwa hupelekwa kwenye makaburi ambayo mengi yamejaa, na hapa naomba mnisikilize vizuri: kaburi la halmashauri kule huwezi kulinunua likawa lako moja kwa moja. Unapewa haki yake kwa muda, na kwa sheria muda huo hauzidi miaka 100. Sehemu nyingi hutoa pungufu ya hapo. Muda ukiisha ndugu walipie tena, kama bado wapo ndugu. (Mlivyoguna hapo ndivyo nilivyoguna mimi.)

Mwaka 1993, katika mji wa Carlisle, karibu na mpaka wa Uskoti, afisa wa halmashauri aliyesimamia makaburi, kwa jina Ken West, alianzisha utaratibu mpya. Alitenga sehemu ambayo mtu akizikwa, badala ya jiwe, unapandwa mti. Mti waliouchagua ni mwaloni. Makusudi yake ni kwamba makaburi yakijaa, pale pasibaki uwanja wa mawe yaliyopinda, pabaki msitu. Wengine wakaiga, na leo Uingereza ina viwanja vya namna hiyo zaidi ya 200, vingine vya halmashauri, vingine vya wakulima waliotoa shamba, vingine vya vyama vya hiari.

Taratibu zake hazina mambo mengi. Maiti haipigwi sindano ya dawa ya kuihifadhi. Jeneza liwe la kitu kinachooza: fito zilizosukwa kama tenga la nyanya, au mianzi, au kadibodi ngumu, au sufu ya kondoo. Mwingine huzikwa na sanda tu, na sheria haimkatazi. Saruji hakuna, marumaru hakuna, chuma hakuna. Shimo nalo si refu sana. Juu ya jeneza hutosha futi tatu za udongo, kwa sababu udongo wa juu ndio wenye hewa na wadudu wadogo, na hapo ndipo mwili unapogeuka udongo upesi. Wala marehemu hapotei. Kila kaburi lazima liandikwe kwenye daftari na kuchorwa kwenye ramani, kwa hiyo hata pasipo na jina juu ya ardhi, jina lipo ofisini.

Akina mama Waislamu hapa mbele wananitazama kama kusema, kipya ni kipi hapo? Sanda, udongo, bila mbwembwe. Ni kweli, kwenu si kipya.

Sasa nije kwenye kazi. Sisi hapa mlimani mwezi wa Juni na Julai ni ukungu na masweta. Kule ndiyo majira ya joto yenyewe, na jua linazama karibu saa nne za usiku. Basi majani hukua kana kwamba yanafukuzwa. Unafyeka Jumamosi, Jumamosi ya pili huoni ulipofyeka. Ndiyo maana miezi ile wale watu hukutana kila Jumamosi asubuhi na Jumatano jioni, baada ya kazi. Halipwi mtu. Kuna chai kwenye chupa na biskuti. Nilipowaona mara ya kwanza nilisema moyoni, kumbe na hawa wana msaragambo.

Ni watu wa namna gani? Alikuwepo mama mjane ambaye mumewe amelala mstari wa tatu. Alikuwepo dereva wa basi mstaafu, kijana mmoja wa chuo, na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, ambaye katika majira manne sikumsikia akisema maneno ishirini, lakini toroli alilisukuma yeye. Kiongozi wao ni mama wa makamo, muuguzi wa zamani. Huyu angezaliwa hapa kwetu angekuwa mwenyekiti wa kikundi, na faini za kuchelewa mngezilipa.

Kazi ya kwanza ni miti midogo. Miti yenyewe hupandwa wakati wa baridi ikiwa imelala, na mtihani wake huja kiangazi cha kwanza na cha pili. Unapalilia duara la kama hatua moja kuzunguka shina, kwa sababu majani ndiyo yanayomnyang'anya mche maji. Unafunika udongo kwa matandazo. Unalegeza kamba iliyoufunga kwenye kigingi, la sivyo inakata gome mti unaponenepa. Unatazama kama sungura wametafuna. Kazi ya pili ni makaburi yenyewe, kwa maana udongo unashuka. Kaburi la miezi sita au la mwaka hubonyea katikati, na ndugu akilikuta hivyo anaumia. Kwa hiyo unaongeza udongo kidogo kidogo, unalisawazisha, unarudisha majani juu yake. Halafu kuna miiba yenye matunda meusi madogo, nayo hutambaa ikafunika njia. Kuna na ua moja la njano, zuri kwa macho, lakini ni sumu kwa farasi na ng'ombe, hasa likikauka ndani ya majani ya kulishia. Hilo hung'olewa kwa mkono, na glovu, kabla halijatoa mbegu.

Lakini kuna jambo lililonishangaza. Sehemu ya wazi, penye maua ya porini, hawaifyeki hadi mwisho wa Julai au Agosti. Mgeni akipita Juni atasema mahali hapa pametelekezwa. Wao wanasubiri maua yamwage mbegu kwanza. Lipo ua moja dogo ambalo likikauka mbegu zake hulia ndani ya ganda kama kayamba. Ukilisikia unajua siku ya kufyeka imekaribia. Ua hilo lina mizizi inayonyonya majani ya pembeni, likayapunguza nguvu, na maua mengine yakapata nafasi. Na wakishafyeka, majani yote yanakusanywa kwa reki yakaondolewa. Mimi nilisema jamani, yaacheni yaoze yawe mbolea. Yule mama akaniambia hapana, hapa hatutaki mbolea, udongo ukinona yanakuja magugu makubwa na yale majani yanayowasha, maua yanakufa. Mkulima wa migomba kuambiwa udongo usinone! Ila kwa ua la porini ndivyo lilivyo.

Mwaka 2022 kukaja joto. Tarehe 19 Julai Uingereza ilipima nyuzi zaidi ya 40, mara ya kwanza tangu waanze kupima. Kwetu kaskazini halikufika hapo, lakini mvua ilikuwa imegoma, na miche ikaanza kukunja majani. Tulikuwa na tangi moja na bomba moja la mbali. Tukawa tunafika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, tunabeba maji kwa ndoo na toroli. Maji hayakutosha miti yote. Ikabidi kuamua ipi inyweshwe kwanza.

Mmoja akasema tuanze na ile ya karibuni. Mwingine akasema tuanze na ya wale waliochangia zaidi kwenye mfuko, na huyo alinyamazishwa kwa macho tu. Yule muuguzi akafungua daftari, akasema, "Tunaanza na wasio na mtu. Mwenye ndugu, ndugu atakuja na chupa yake ya maji. Asiye na ndugu ana sisi tu." Akasoma namba, hakusoma majina, na kila mmoja akapewa zake. Katika zangu ulikuwemo mti wa yule bibi mwalimu, maana alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilimwogesha akiwa hai, nikamnywesha mti wake akiwa chini. Sikulia, msidhani nililia. Nilikuwa nimechoka na ndoo.

Sitaki mdhani kule hakuna ugomvi. Upo. Ugomvi mkubwa ni plastiki. Masharti yanasema usiweke kitu juu ya kaburi isipokuwa ua lililokatwa bustanini. Lakini mtu akifiwa mkono wake unataka kuweka kitu. Alikuwepo mama mmoja aliyemzika mwanawe, kijana mdogo. Akaleta kipangaboi cha plastiki kinachozungushwa na upepo, akaleta maua ya plastiki, akaleta taa mbili za kuwaka kwa jua. Wenzetu wawili wakasema viondolewe leo hii, kwa sababu plastiki ikiingia kwenye mashine ya majani inasagika vipande elfu, na ndege wanakula, na masharti yule mama aliyasaini. Dereva wa basi akasema, "Alisaini siku ambayo alikuwa haoni herufi." Wakazozana hapo, juu ya kaburi la mtoto wa watu, hadi muuguzi akawafukuza wote waende kunywa chai.

Hakuondoa kitu. Alimpigia simu yule mama, akaja, wakakaa juu ya gogo muda mrefu. Walizungumza nini sijui. Jumatano iliyofuata mama yule alikuja na glovu. Akapalilia duara la mti wa mwanawe, akamaliza, akahamia wa jirani. Kufika Agosti maua ya plastiki na kipangaboi alivibeba mwenyewe akarudi navyo nyumbani. Taa moja ilibaki. Naondoka mwaka 2023 bado ipo, na hakuna anayeitaja.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi kwa sababu Mweka Hazina amekaa vizuri sasa. Msidhani kuzikwa msituni ni bure. Sehemu nyingine bei yake inapita makaburi ya kawaida. Shida yenyewe ni hii: uwanja ukiwa bado na nafasi, fedha zinaingia kila anapozikwa mtu. Ukijaa, hakuna anayelipa tena, na majani hayajui kwamba uwanja umejaa. Ndiyo maana uwanja wetu ulikuwa na mfuko wa pembeni. Katika kila malipo kipande fulani kinawekwa humo na hakiguswi, ni cha miaka ijayo. Hata hivyo mfuko hununua mashine, haununui Jumamosi ya mtu.

Sasa nakuja kwetu, na hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu.

Sisi Wachagga tulikuwa na makaburi ya miti kabla ya Carlisle. Kihamba ni nini? Wazee wetu walilala kati ya migomba, na juu yao yakapandwa masale, jani lile lile la kuwekea mpaka, jani lile lile la kuombea msamaha. Mtoto akiona masale yamekaa hivyo anajua hapo hapachezewi. Hapakuwa na saruji. Siku hizi nimepita njia ya juu nimeona kaburi lina marumaru, lina uzio, lina paa la bati jipya jekundu, na nyumba aliyoishi marehemu ina bati la kutu. Tunakopa kwa ajili hiyo. Mkopo wa dharura unatoka, unakwenda kwenye turubai, viti, mpiga video, gari la kuleta maiti kutoka Dar es Salaam, halafu marumaru. Rambirambi ya kikundi inakwisha siku ya kwanza. Mjane anarejesha mwaka mzima.

Simcheki aliyejenga. Tena najua kwa nini saruji imeingia, na wanaume hapa wanajua zaidi. Kaburi ni ushahidi. Mjane akija kuambiwa na shemeji aondoke kihambani, kaburi la mumewe ndilo hati yake. Masale yanaweza kung'olewa usiku. Saruji ukiibomoa kijiji kizima kinasikia. Kwa hiyo mama akimwaga zege juu ya mumewe, wakati mwingine hajivuni, anajilinda. Hilo halitibiwi kwa hotuba yangu, linatibiwa kwa hati ya ardhi yenye jina lake, na Mheshimiwa Diwani nafurahi umelisikia.

Wasiwasi wangu mkubwa ni wa wengine. Ni sisi tusio na kihamba. Yupo aliyeachika, kwa mume hazikwi, na kwa baba kaka zake wanahesabu migomba. Yupo ambaye hakuolewa. Yupo aliyekuja hapa kwa biashara kutoka mbali, akazeekea hapa. Hao wanazikwa makaburi ya pamoja, kule chini barabarani. Wengi wetu katika kikundi hiki, tukihesabiana kweli kweli, tutalala pale.

Mwaka jana baada ya masika nilikwenda na dada yangu kutafuta kaburi la mwenzetu, mwanachama wa tangu mwanzo, ambaye alifariki nikiwa bado Uingereza. Nilitaka kuweka ua tu. Hatukuliona. Msalaba wa mbao umeliwa na mchwa, tuta limeshuka, lantana imefunika, mbuzi wanachungwa humo. Niliuliza kwa wahusika kama lipo daftari la nani kazikwa wapi. Hakuna. Tulisimama mahali, dada yangu akasema "nadhani ni hapa," tukaomba hapo. Nimeisoma katiba yetu upya. Kikundi kilitimiza kila kilichoandikwa: rambirambi ilitolewa, vyombo vilipelekwa, wanachama walipika siku tatu, nyimbo ziliimbwa. Katiba haisemi lolote kuhusu mwezi wa pili.

Atasimama mtu aseme mazishi bila mbao ya maana na bila marumaru ni mazishi ya maskini. Nitamjibu kwa jirani zetu. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mama aliyeanzisha kazi ya kupanda miti na akina mama wa vijijini mwaka 1977, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, alifariki Septemba 2011. Alikuwa ameacha neno kwamba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Likatengenezwa jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, likapita Nairobi katika mazishi ya kitaifa, na viongozi wakasimama. Baadaye mwili ulichomwa, jambo ambalo wengi wetu hatulitaki na sisemi tulifuate. Ila sikusikia mtu akimwita yule mama maskini.

Wala sisemi tuige Waingereza. Sisi tunataka jina lisomeke juu ya kaburi, na ni haki yetu. Wao wenyewe, kama nilivyosema, wana yule mama na taa yake. Ninachokitaka ni kidogo, na nimeshazungumza na Mwenyekiti akaniruhusu nikitaje mbele yenu ili kipelekwe mkutano mkuu.

Kwanza daftari. Ukurasa mmoja kwa kila aliyelala pale, kwa kuanzia na wale tunaoweza bado kuwakumbuka. Bibi zetu wawili hapa wanajua mistari yote, na wao hawatatungoja. Ramani tunaweza kuichora kwa hatua, kuanzia kwenye ule mringaringa mkubwa wa kona. Tukishaiandika, nakala moja ikae kwenye sanduku letu, moja serikali ya kijiji, moja usharikani na nyingine msikitini.

Pili siku mbili za kazi kwa mwaka. Moja Juni, baada ya masika, magugu yakiwa bado laini. Nyingine Desemba, wakati watoto wetu wamerudi kutoka mijini kula Krismasi, washike jembe na wao kabla ya nyama. Kibali cha kijiji na cha usharika tutakiomba kwa barua, Katibu ameshaiandika. Tupande masale kwenye kila tuta tulilolitambua, na pembezoni miringaringa na mifuruanje. Mikaratusi hapana, chemchemi ya chini pale ndiyo tunayoinywa.

Tatu fedha. Sitaki mtu aongezewe mchango, nasikia tayari mnahema. Naomba faini za kuchelewa ziende huko. Kwa jinsi tunavyochelewa, makaburi yale yatakuwa bustani.

Naona Katibu ameshika kengele. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani kwake, pembeni ya keki. Mkutano ukikubali, tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa moja asubuhi, kila mtu na jembe au panga lake. Glovu nimerudi nazo jozi kumi na mbili. Baba zetu mnakaribishwa, hasa wenye toroli. Chai itakuwepo, pilau ni ya leo tu.